Alexis Soyer na Galoni Mbili za Maji

Mpishi Alexis Soyer alizaliwa mwaka wa 1810 huko Meaux, mji ulio karibu na Paris. Machafuko ya 1830 yalipompindua mfalme wa Ufaransa, alivuka bahari akahamia Uingereza, na katika mwaka wa 1837 akakabidhiwa jiko la Reform Club, jumba la wanasiasa mjini London. Siku ya kutawazwa kwa Malkia Victoria, tarehe 28 Juni, 1838, aliandaa kifunguakinywa cha watu 2,000. Jiko jipya la jumba hilo lilikuwa na meko ya gesi, na wageni walikwenda kulitazama kama waendao kutazama kasri. Soyer naye alipenda kutazamwa, hata nguo zake zilikatwa mshazari.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza katika Ireland. Viazi, chakula cha mafukara wa nchi hiyo, vilikuwa vikiozeshwa na maradhi tangu 1845, na watu walikufa kwa maelfu. Serikali ilimwita Soyer Dublin, na tarehe 5 Aprili, 1847, jiko lake likafunguliwa. Wenye njaa waliingia mia mia kwa mlio wa kengele. Kila bakuli lilikuwa na kijiko kilichofungwa kwa mnyororo. Baada ya dakika chache kengele ililia tena, wakatoka kuwapisha wenzao. Mabwana na mabibi walialikwa kuja kutazama, wakitoa shilingi tano za sadaka; na hayo, kwa mtu mwenye haya, yalikuwa machungu kuliko njaa yenyewe.

Na supu je? Moja ya supu zake ilipikwa kwa robo ratli ya nyama katika galoni 2 za maji, pamoja na unga, shayiri na vitunguu. Waganga waliikosoa, na kwa haki: ustadi wa mpishi waweza kuyatia maji ladha, hauwezi kuyatia nguvu. Lakini si insafu kumtwika mpishi mzigo wa watawala. Wao ndio waliotaka chakula rahisi, na wao ndio walioyafunga majiko ya umma mwaka ule ule, ijapokuwa njaa haijesha.

Mwaka wa 1855 alikwenda kwa gharama yake kwenye vita vya Crimea. Katika hospitali ya Scutari aliona askari wakichemsha nyama kisha wakimwaga mchuzi. Akawazuia, akafundisha wapishi, akishirikiana na Florence Nightingale. Huko ndiko alikoleta jiko lake la chuma, litumialo kuni chache, ambalo jeshi la Uingereza liliendelea kulitumia zaidi ya miaka mia moja.

Alifariki tarehe 5 Agosti, 1858, akazikwa Kensal Green, katika kaburi alilomjengea mkewe Emma, mchoraji, aliyemtangulia mwaka wa 1842.