Mazungumzo Kuwa Dawa

Tseikuru ni mji mdogo upande wa kaskazini wa Kitui, katika nchi kavu inayoshuka kuelekea mto Tana. Miti yake mingi ni ya miiba, mibuyu husimama mmoja mmoja, na vijito huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, hata mwenye kutaka maji hana budi kuyachimba. Wenyeji hulima ndengu, mtama na mawele, hufuga mbuzi, na hungoja mvua. Mvua isipokuja huja njaa, na Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa kubwa majina. Ile ya miaka ya 1898 na 1899 yaitwa Ngomanisye mpaka leo.

Wanahistoria wameandika habari za njaa hizo: mifugo iliyokufa, watu waliohama, chakula kilicholetwa na kilivyochelewa. Habari moja haikuandikwa sana. Tumfikirie mama mmoja wa Tseikuru, wala si mtu fulani, bali mfano tu. Mbuzi wake wamekufa kwa ukame, amegombana na shemeji yake juu ya shamba, na mwanawe ameacha shule. Sasa mvua imenyesha na jirani zake wote wamo mashambani, lakini yeye yu mlangoni pake na jembe lake li palepale. Usiku halali, mchana hana hamu ya chakula, na akiulizwa husema kwamba amechoka. Juma la kwanza watu humhurumia. Mwezi wa tatu huanza kumwita mvivu.

Kwa Kikamba huzuni ni kyeva. Madaktari, wakiona huzuni imekaa majuma mawili au zaidi, imeondoa usingizi, hamu na nguvu, na kumfanya mtu ajione hana thamani, huiita sonona, nao huihesabu kuwa ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Insha hii yahusu tiba moja ya ugonjwa huo, yaani tiba ya mazungumzo: jinsi ilivyoenea katika Afrika ya Mashariki, na kama namna moja ya tiba hiyo yaipita nyingine.

Tusidhani kwamba watu wa kale hawakuwa na tiba ya maneno. Mundu mue, mganga wa Wakamba, alitikisa kibuyu chake cha mbegu, akazimwaga na kuzihesabu, na huku akiuliza habari za nyumbani: nani amekosana na nani, ni deni gani halijalipwa. Ngoma ya kilumi, waliyoicheza hasa wanawake wazima, ilikusanya watu kumzunguka mwenye kusumbuliwa na pepo. Mambo hayo yalichanganyika na mengine ambayo pengine yalimdhuru mgonjwa, wala mimi si mmoja wa wasemao kwamba kila cha kale kilikuwa chema. Lakini mgonjwa hakuachwa peke yake na kimya chake.

Serikali ya kikoloni ilileta desturi nyingine. Mwaka wa 1910 ilifungua hospitali ya wenye wazimu mjini Nairobi, katika majengo yaliyotumiwa kwanza kuwatengea wagonjwa wa ndui, na mwaka wa 1924 hospitali hiyo ikapewa jina la Mathari. Kutoka Tseikuru ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Aliyepelekwa huko kwa kawaida alikuwa mtu aliyefanya fujo sokoni au aliyepiga watu, si mama aliyekaa kimya mlangoni pake. Jambo hili lilizaa kosa kubwa.

Tangu mwaka wa 1938 hata mwaka wa 1950 mkuu wa Mathari alikuwa daktari wa serikali aliyeitwa J. C. Carothers. Huyu aliwahesabu wagonjwa wake, akaona kwamba sonona ni haba sana miongoni mwa Waafrika. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na ndani yake alieleza kwamba Mwafrika haugui sana sonona kwa kuwa hana mazoea ya kubeba lawama moyoni mwake mwenyewe. Alipima bahari kwa kuchungulia kisima! Wenye sonona hawakufika Mathari. Basi asiyewaona alisema hawapo. Na kama ugonjwa haupo, nani atatafuta tiba yake?

Jibu lilitoka kwa watu waliokwenda vijijini. Margaret Field, katika kitabu chake cha mwaka wa 1960, alieleza jinsi alivyowaona kwenye mahali pa ibada pa mashambani nchini Ghana wanawake wengi wenye sonona, wakijilaumu wenyewe kwa maovu ambayo hawakuyatenda. Mwaka wa 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake wa huko kuliko kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London. Dai la Carothers likaanguka, ingawa lilikuwa limekwisha kupoteza miaka mingi.

Wakati huohuo katika nchi nyingine tiba ya mazungumzo ilikuwa ikibadilika. Mwanzo wake wajulikana: mji wa Vienna, mwishoni mwa karne ya 19, Sigmund Freud na wenzake walipoanza kuwasikiliza wagonjwa kwa muda mrefu. Tiba ya Freud ilidumu miaka na ilihitaji daktari mwenye elimu nyingi na mgonjwa mwenye fedha nyingi, tuiache. Zilizofuata zilikuwa fupi, nazo ndizo zilizokuja kulinganishwa.

Ya kwanza ni tiba ya fikra, iliyoanzishwa na Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960. Mwenye tiba hii angemwuliza mama wa Tseikuru: unaposema kwamba wewe ni mtu bure, ushahidi wako ni upi? Mbuzi waliuawa na ukame au na wewe? Kisha angempa kazi ndogo ya kufanya kabla ya kuonana tena. Ya pili ni tiba ya mahusiano, waliyoitunga Gerald Klerman na Myrna Weissman nchini Marekani katika miaka ya 1970. Hii ingeacha fikra na kuuliza habari za watu: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, upweke. Kwa mama yetu ingeanza na shemeji. Ya tatu ni tiba ya kutatua matatizo: andika shida zako zote, chagua moja inayoweza kupungua, tafuta njia, ijaribu, urudi useme imekuwaje. Mtu angetazamia kwamba tiba tatu zenye misingi mbalimbali namna hii zingeleta matokeo mbalimbali.

Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1989 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowagawa wagonjwa 250 kwa kura. Wengine walipata tiba ya fikra, wengine tiba ya mahusiano, wengine vidonge vya kutibu sonona, na wengine kidonge kisicho na dawa pamoja na daktari wa kuwasikiliza na kuwatia moyo. Tiba mbili za mazungumzo zilikaribiana sana. Tena, wengi wa kundi la mwisho nao walipata nafuu, hasa wale ambao ugonjwa wao haukuwa mkali.

Afrika ya Mashariki ilipata jaribio lake mwaka wa 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, nchi iliyokuwa imeumizwa na UKIMWI. Wachunguzi hawakuanza kwa kufundisha, bali kwa kuwauliza wanakijiji wao huita nini ugonjwa wa huzuni. Waliambiwa maneno mawili ya Kiganda, moja la mtu kujichukia, la pili la mtu kujihurumia. Kisha wakachagua tiba ya mahusiano, kwa kuwa watu wa huko hujiona kwanza kuwa jamaa wa watu wengine, na wakaitoa kwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali. Viongozi hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa palepale waliofunzwa kwa muda mfupi. Vikundi vilikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Mwishowe, katika vijiji vilivyopata tiba, wagonjwa waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyopata, asilimia 54.7.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, na hapa mwanafunzi makini yampasa kuuliza: imelinganishwa na nini? Vijiji vya pili havikupewa tiba yoyote, na hata hivyo karibu nusu ya wagonjwa wake hawakuhesabiwa tena kuwa na sonona. Sasa tazama Nairobi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2017, wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni, wengi wao waliotendewa ukatili, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata mikutano mitano ya kutatua matatizo kutoka kwa wahudumu wa afya wa jamii; la pili lilipata ushauri wa wauguzi wa zahanati. La kwanza lilipata nafuu zaidi, lakini kwa kiasi cha wastani tu. Vivyo hivyo kwa vijana 413 wa shule za sekondari za Kenya katika jaribio la Shamiri, lililochapishwa mwaka wa 2021. Mikutano minne iliyoongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni iliwafaa kuliko mafunzo ya namna ya kusoma, ingawa waliofundishwa kusoma nao walipata nafuu kidogo. Mazungumzo yakilinganishwa na kimya, ushindi ni mkubwa. Yakilinganishwa na mazungumzo mengine, ushindi hupungua.

Kwa maoni yangu, basi, kubishana kama tiba ya fikra yaipita tiba ya mahusiano ni anasa ya miji yenye madaktari wengi. Kwa Tseikuru swali ni jingine: nani yuko karibu wa kuiongoza, atafunzwa kwa muda gani, na mgonjwa atatembea umbali gani? Hapo tiba fupi za vikundi zina faida iliyo wazi, hasa kwa watu ambao tayari wana mwethya, vikundi vyao vya kusaidiana kazi. Huko Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wamekwenda mbele zaidi. Waliwafundisha waganga wa jadi na wahubiri kuitambua sonona, kuzungumza na mgonjwa kwa utaratibu, na kumpeleka hospitali aliyezidiwa. Matokeo waliyoyatoa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba wagonjwa wa waganga hao walipata nafuu. Msomaji aone jinsi gurudumu lilivyozunguka: mundu mue amerudi kazini, safari hii ana karatasi ya maswali mkononi.

Maneno peke yake hayatoshi kwa kila mtu. Aliyezidiwa huhitaji dawa na daktari, na anayefikiri kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na mtu mwenye hofu ya polisi hasemi yaliyo moyoni. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba.

Wachunguzi wa Masaka na Rakai walirudi vijijini miezi sita baada ya tiba kwisha, wakitaka kujua kama nafuu imedumu. Ilikuwa imedumu kwa sehemu kubwa. Na vikundi vingi, ambavyo havikuwa tena na ratiba wala mtu wa kuviita, walivikuta vingali vikikutana.