Ufagio, Topasi na Roboti: Historia Fupi ya Istilahi za Usafi wa Nyumba

Katika kazi ya kuunda istilahi, vyombo vya nyumbani aghalabu huachwa nyuma. Sheria, utawala na sayansi hushughulikiwa kwanza, na hiyo ni haki; lakini chombo huingia nyumbani kabla jina lake halijaingia katika kamusi. Mfano wa karibuni ni ile mashine ndogo ya mviringo itembeayo yenyewe sakafuni ikifyonza vumbi. Makala hii yakusudia kueleza historia ya maneno yaizungukayo, ili mfasiri wa maelezo ya matumizi yake ajue anachokichagua.

Tuanze na ufagio. Jina hili latokana na kitenzi fagia, wala halikuhitaji msaada wa lugha nyingine. Huko Mahurunga, karibu na mlango wa mto Ruvuma, kama katika pwani yote yenye minazi, ufagio uliozoeleka ni wa chelewa, yaani njiti za makuti zilizofungwa pamoja. Haufagii nyumba tu, bali na uwanja wa mchanga. Taka huondolewa, mchanga hubaki mahali pake. Ndiyo maana halisi ya kufagia.

Sakafu ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako lamaanisha paa au dari. Kwetu likawa jina la mahali pakanyagwapo, palipotiwa chokaa na baadaye saruji. Deki nalo latoka katika Kiingereza, likiwa jina la sitaha ya meli. Leo apigaye deki chumbani hana haja ya kuikumbuka meli.

Pamoja na majina ya vyombo, yalikuja majina ya watu. Wakati wa ukoloni mfagiaji wa vyoo na mitaro aliitwa topasi, neno lililotufikia kwa njia ya Bara Hindi. Mtumishi wa nyumbani, hata akiwa mzee mwenye wajukuu, aliitwa boi, yaani mtoto wa kiume kwa Kiingereza. Yafaa ikumbukwe kwamba majina hayo hayakutaja kazi peke yake. Yalimweka mtu katika daraja ya chombo.

Mashine ya kufyonza vumbi ilianza Uingereza mwaka 1901, kwa ubunifu wa Hubert Cecil Booth. Ilikuwa kubwa hata ikavutwa na farasi: yenyewe ilibaki barabarani, na mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1908 James Murray Spangler wa Marekani alipata hataza ya chombo kidogo cha umeme. Kilichojiendesha chenyewe kilianza kuuzwa na kampuni ya Electrolux ya Sweden mwaka 2001, kwa jina la Trilobite. Mwaka 2002 ikafuata Roomba ya kampuni ya iRobot ya Marekani.

Neno roboti lina historia nzito zaidi. Lilienezwa na tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Čapek mwenyewe alieleza kwamba neno hilo alipewa na nduguye Josef. Shina lake ni robota, ambayo kwa Kicheki ni kazi ya kulazimishwa waliyomfanyia bwana wa ardhi wakulima wake. Kiswahili kilikuwa na neno lake kwa jambo hilo: shokoa. Ng'ambo ya Ruvuma, katika Msumbiji ya Wareno, iliitwa chibalo, na Wamakonde wengi waliuvuka mto huo kuikimbia. Hivyo maana ya asili ya roboti si ngeni hata kidogo kwa watu wa mwambao huo.

Kutokana na historia hii, mambo mawili yafaa kuzingatiwa.

Kwanza, kitenzi. Wako wasemao “roboti ya kufagia”. Jina hilo ni jepesi, lakini lapotosha. Akiambiwa kwamba mashine hufagia, mtu wa Mahurunga ana haki ya kuiweka uwanjani, nayo itaumeza mchanga mpaka ijae au iharibike. Heri tuseme “roboti ya kufyonza vumbi”, jina ambalo ndani yake limebeba onyo.

Pili, upatanisho wa kisarufi. Wengine huandika “roboti huyu anafyonza”, wengine “roboti hii inafyonza”. Kwa maoni yetu, la pili ndilo sahihi. Lugha iliyowahi kumwita mtu topasi na boi haifai sasa kukipa chombo upatanisho wa mtu. Isitoshe, upatanisho huo wamficha mtenda kazi halisi, kwa sababu mashine hii haijitoshelezi: yuko aondoaye viti na nyuzi njiani mwake, aisafishaye brashi yake, na amwagaye vumbi likijaa. Mara nyingi huyo ni mtumishi yule yule aliyekuwa akishika ufagio. Mfasiri aandike basi kwamba roboti inafyonza, na mtu anamwaga. Hapo sarufi itakuwa imempa kila mmoja haki yake.