Mzigo, Kazi na Tiba: Historia ya Utengamao Tabora na Katika Njia ya Misafara

Tiba kwa vitendo ni taaluma ya afya inayoupima ulemavu na ugonjwa kwa kuangalia yale ambayo mtu anaweza au hawezi kuyafanya katika siku yake ya kawaida, yaani kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kupika, kulima, kucheza na kwenda shule. Mtoa tiba hiyo huichambua kazi moja hatua kwa hatua, akatafuta ni hatua ipi inayomshinda mhusika, kisha ama humzoeza njia nyingine ya kuifanya, ama hubadili chombo kinachotumika, ama hubadili mahali kazi inapofanyika. Mtu mzima aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, kwa mfano, hufundishwa kuanza kuvaa shati kwa mkono ulio dhaifu na kumalizia kwa ule wenye nguvu, na wakati wa kuvua akafanya kinyume chake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambao ni ulemavu wa mwendo na mkao unaotokana na ubongo kudhurika kabla au karibu na wakati wa kuzaliwa, hutengenezewa kiti kinachomshika kiuno na mgongo ili mikono yake iachwe huru kushika kijiko, tonge au kalamu. Huduma hizi kwa pamoja na nyingine za jamaa yake huitwa utengamao, na katika Tanzania ya magharibi historia yake haieleweki bila kuieleza barabara iliyoijenga Tabora.

Barabara hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapanda kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makao yao Kazeh, mji uliokuja kuitwa Tabora, kisha ikaendelea magharibi mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kabla ya reli chombo kikuu cha kuchukua pembe za ndovu, vitambaa, shanga na waya wa shaba kilikuwa mwili wa mpagazi, na Wanyamwezi, wenyeji wa eneo hilo la Tabora, ndio waliosifika zaidi kwa kazi hiyo. Mzigo wa kawaida ulifika farasila mbili, yaani takriban kilo 32, nao Wanyamwezi waliubeba begani, na pembe iliyozidi uwezo wa mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikachukuliwa na wawili. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh pamoja na mwenzake John Hanning Speke mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza wakiwa wadogo kwa kubebeshwa vijipembe vidogo, na kwamba safari ya pwani ilihesabiwa kuwa sehemu ya kuufikia utu uzima. Namna hiyo ya kumpandisha mtu kidogo kidogo, kutoka mzigo unaomfaa leo hadi ule utakaomfaa mwakani, ni kanuni ile ile ambayo watoa tiba kwa vitendo huitumia wanapopanga mazoezi, ingawa tofauti kubwa inabaki pale pale: mtoto wa njia ya misafara alikuwa akiandaliwa kwa ajili ya mahitaji ya biashara, na bega lililoshindwa halikuwa na nafasi ndani yake.

Njia yenyewe ilizalisha ulemavu mwingi. Vidonda vya miguu, ndui, homa na majeraha viliwaangusha wapagazi, na kwa kuwa msafara haukuweza kusimama muda mrefu mahali pasipo na chakula, mzigo wa aliyeanguka uligawanywa kwa wenzake, naye mara nyingi akaachwa kijijini au kando ya njia. Wakubwa wa safari walikuwa na bahati nyingine. Burton mwenyewe, mwezi Januari 1858, baada ya kutoka Kazeh kuelekea magharibi, alipatwa na ganzi na udhaifu wa miguu uliomfanya ashindwe kutembea kwa miezi mingi, naye akabebwa kwa machela. Speke wakati huo huo aliugua macho hata akafika Ujiji bila ya kuliona ziwa vizuri. Sehemu ya ramani ya maziwa makuu, kwa hiyo, ilichorwa na watu wawili wenye ulemavu wa muda, waliofika walikofika kwa msaada wa wengine, jambo ambalo vitabu vya wagunduzi hulitaja kama taabu za safari na kulipita haraka.

Mfano wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone ni wa aina nyingine, kwa kuwa ulemavu wake ulikuwa wa kudumu. Mfupa wa juu wa mkono wake wa kushoto ulivunjwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844, nao haukuunga sawasawa, ukaacha mahali penye kuchezacheza kana kwamba pana kiungo kingine. Aliishi na mkono huo karibu miaka 30, akiandika, akipanda, akivuka mito na kubadili namna ya kushika bunduki, na mwaka 1872 alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, katika tembe ambalo hadi leo linatunzwa kama makumbusho, akisubiri wapagazi aliotumiwa na mwandishi wa habari Henry Stanley. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, na huko London daktari William Fergusson aliutambua kwa mfupa ule ule wa mkono. Hakuna aliyemfundisha Livingstone kuishi na mkono huo. Alijifunza kwa kufanya, kama walivyojifunza maelfu ya wengine ambao majina yao hayakuandikwa.

Kazi kama njia ya kumponya mtu ilifika Afrika Mashariki kwa mlango wa misheni. Katika Ulaya wazo hilo lilikuwa na umri wa karne moja: hospitali ya Retreat iliyofunguliwa na William Tuke huko York, Uingereza, mwaka 1796 iliwaondolea wagonjwa wa akili minyororo na kuwapa kazi za bustani na za nyumbani kwa imani kwamba shughuli yenye mpangilio huirudisha akili kwenye utulivu. Wamisionari wa Kijerumani waliobeba fikra za namna hiyo walifungua Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896, kwanza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, yaani watoto wa njia zile zile zilizotoka bara, na mwaka 1904 wakaigeuza kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ambako kilimo na kazi za mikono vilikuwa sehemu ya matibabu. Kwa upande wa Tabora, wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mababa Weupe, waliofika mwaka 1878, walikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa huko Kipalapala katika miaka ya 1880, lakini hicho kilikuwa kituo cha malezi na dini zaidi kuliko tiba.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaua upagazi wa masafa marefu karibu kwa pigo moja, na mtu angetarajia kwamba hapo bega la Mnyamwezi lingepumzika. Vita Kuu ya Kwanza ilikuja kabla ya hapo. Majeshi ya Kibelgiji yaliingia Tabora mwezi Septemba 1916 baada ya mapigano makali, na pande zote zilizopigana katika nchi hii zilitegemea wachukuzi waliokusanywa kwa nguvu au kwa ahadi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kuwa kumbukumbu ya kikosi chao. Miezi michache tu baada ya kutekwa kwa Tabora, mwezi Machi 1917, watu wachache walikutana Clifton Springs, katika jimbo la New York, nyumbani kwa msanifu majengo George Edward Barton, ambaye mwenyewe alikuwa ameugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, wakaunda chama cha kwanza cha kitaifa cha tiba kwa vitendo. Vita ile ile iliipa taaluma hiyo changa wateja wake wa kwanza wengi, kwa kuwa serikali za Marekani na Ulaya zilihitaji kuwarudisha askari waliokatwa viungo kwenye kazi na familia zao. Mchukuzi aliyerudi Unyamwezi na mguu uliooza hakuhesabiwa kuwa askari, na hakuna karakana iliyofunguliwa kwa ajili yake. Hapo ndipo njia mbili za historia zilipoachana, na pengo lililoanza mwaka 1917 halikuanza kuzibwa Tabora hadi nusu karne baadaye.

Katika zama za Waingereza, waliotawala baada ya vita hiyo, wagonjwa wa akili wa mikoa ya bara walipelekwa Dodoma, kwenye hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927, na reli iliyofuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa njia ya misafara ndiyo iliyowachukua. Wagonjwa walilima na kufanya kazi za mikono, na baada ya uhuru wazo hilo liliendelezwa kwa vijiji vya kilimo ambako waliopata nafuu waliishi na kulima wakingoja kurudi makwao. Ni vigumu, hata hivyo, kuiita kila kazi ya hospitali za kikoloni tiba. Shamba la hospitali lilipunguza gharama za chakula, na mgonjwa aliyepewa jembe hakuulizwa kama alikuwa mkulima, mshonaji au mwalimu kabla ya kuugua. Tiba kwa vitendo kama inavyofundishwa leo huanza na swali hilo hasa, kwa sababu kazi isiyokuwa na maana kwa mtendaji humchosha bila kumrudisha popote.

Ukoma ndio ulioleta ujuzi wa karibu zaidi na taaluma yenyewe. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria wanaoharibu mishipa ya fahamu, hivyo vidole hukunjamana kama kucha za ndege kwa sababu misuli midogo ya kiganja imepooza, na mkono hupoteza hisia ya joto na maumivu. Mama mwenye ukoma huweza kushika sufuria ya moto bila kujua kwamba anaungua, na mkulima huweza kutembea siku nzima juu ya mwiba. Kusini mwa Tabora, huko Sikonge, Wamoravian waliokuwa wamechukua kazi ya misheni katika eneo hilo tangu mwisho wa karne ya 19 waliendesha makazi ya wenye ukoma. Dawa ya dapsoni, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, iliweza kuwadhibiti bakteria, lakini haikuweza kuunyoosha mkono uliokwisha kupinda. Jibu la tatizo hilo lilitoka kwa kiasi kikubwa Vellore, India, ambako daktari Paul Brand, tangu mwisho wa miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidonda na kukatika kwa vidole vilitokana zaidi na majeraha ya kazi za kila siku kuliko na ukoma wenyewe, akahamisha kano za misuli kwa upasuaji na kusisitiza kwamba upasuaji huo ni bure kama mgonjwa hakufundishwa upya kutumia mkono wake.

Mafundisho yaliyozaliwa na kazi hiyo yakaenea katika vituo vya ukoma vya Afrika, nayo ni ya kawaida mno kiasi kwamba ni rahisi kuyadharau: kushika chungu kwa kitambaa kinene au kwa kibao, kufunga mpini wa jembe kwa mpira au nguo ili uwe mnene, kuloweka mikono na miguu majini na kuipaka mafuta, kuikagua miguu kila jioni kwa macho kwa kuwa haina tena hisia, na kuvaa viatu vyenye soli laini ndani na ngumu nje. Kila moja ya hatua hizo ni tiba kwa vitendo kamili, hata kama aliyezifundisha alikuwa muuguzi au mganga msaidizi asiyekuwa na cheo hicho. Serikali ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na dawa mchanganyiko zilipoanza kutumika katika miaka ya 1980, makazi ya wenye ukoma yalianza kupungua umuhimu, na pamoja nayo ujuzi huo wa mikono ukawa hatarini kusahaulika.

Baada ya uhuru Tabora ilipata taasisi ambazo miji mingi ya bara haikuwa nazo. Kanisa Katoliki lilianzisha huko mwaka 1963 shule ya kwanza ya viziwi nchini. Serikali nayo, katika mfululizo wa vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu vilivyojumuisha Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida, iliweka kimoja Luanzari, Tabora, kwa lengo la kufundisha ushonaji, useremala na kazi nyingine za kujitegemea. Sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi, na ile ya mwaka 2010 ikaongeza kiwango hicho kuwa asilimia 3 na kuwahusisha waajiri kuanzia wenye wafanyakazi 20. Sheria ile ya mwaka 1982 ilikuwa na dosari moja ya kifikra, nayo ni kwamba ilianza na ajira, wakati mtu asiyeweza kujivalisha au kufika chooni peke yake hafiki kwenye mlango wa mwajiri.

Wataalamu wenye mafunzo rasmi walichelewa zaidi. Watanzania wa kwanza kusomea tiba kwa vitendo walisomea nje ya nchi, na ni mwishoni mwa karne ya 20 tu ndipo shule ya taaluma hiyo ilipofunguliwa Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyozinduliwa mwaka 1971. Wahitimu wake wamekuwa wachache kuliko mahitaji ya nchi, na wengi wao huvutwa na hospitali za miji mikubwa. Kwa mkoa wa Tabora hali hiyo imemaanisha kwamba mzigo wa utengamao umebebwa kwa sehemu kubwa na Hospitali ya Kitete mjini na hospitali za misheni kama Nkinga, iliyoanzishwa na Wapentekoste kutoka Sweden, na kwamba familia ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo huko Urambo au Kaliua husafiri ili kufundishwa namna ya kumlisha na kumkalisha mtoto ambaye analishwa na kukalishwa nyumbani.

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza utengamao wa kijamii, ambao humpeleka mfunzaji kwenye kaya badala ya kumleta mgonjwa kwenye taasisi, na miongozo yake hutumia vifaa vilivyopo: pipa lililokatwa likawa kiti cha mtoto, fito mbili zilizochimbiwa uani zikawa njia ya kujifunzia kutembea, kigoda kilichotobolewa kikawekwa juu ya choo cha shimo. Mbinu hizo zinafaa mahali ambapo shamba, kisima na jiko viko mbali kimoja na kingine, kwa kuwa kazi anayotakiwa mtu kuirudia haiwezi kuonekana vizuri kutoka kwenye chumba cha hospitali chenye sakafu ya saruji. Kwa mkulima wa tumbaku aliyepooza upande mmoja, swali la kwanza ni kama ataweza tena kuyafunga majani kwenye fito kabla ya kuyakausha, na jibu lake hupatikana barazani pake, akiwa na majani yenyewe mkononi na mkewe au mwanawe akishika ncha ya pili ya kamba.