Siri ya Revan: Itikio la Hadhira katika Hadithi za Anga za Mbali

Luke Skywalker ananing'inia kwenye mhimili wa chuma juu ya shimo lisiloonekana mwisho wake. Mkono wake wa kulia umekwisha kukatwa. Mbele yake amesimama Darth Vader, naye anamwambia kwamba yeye ndiye baba yake. Katika The Empire Strikes Back, filamu ya Star Wars ya mwaka 1980 iliyoongozwa na Irvin Kershner, maneno hayo ni machache mno, lakini hadithi nzima inapinduka juu yake. Siri ilifichwa hata kwa waliokuwa kazini. David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno mengine ya kusema mbele ya kamera, kwamba Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ndiye aliyemuua baba yake. Mark Hamill alinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kupiga picha. James Earl Jones, aliyeingiza sauti ya Vader baadaye, alipoyasoma maneno hayo alidhani Vader anadanganya.

Hata skripti yenyewe haikuanza na siri hiyo. Katika rasimu ya mwandishi Leigh Brackett, aliyefariki mwaka 1978, Vader na baba yake Luke walikuwa watu wawili tofauti. Wahusika hao wawili waliunganishwa kuwa mmoja baadaye, na muungano huo ukaifanya hadithi ya vita vya anga kuwa hadithi ya ukoo. Watazamaji walingoja miaka 3, hadi Return of the Jedi ya mwaka 1983, ndipo Yoda, mwalimu mwingine wa Luke, alipothibitisha kwamba Vader hakusema uongo.

Miaka 20 baada ya uthibitisho huo, mwezi Julai 2003, kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, ilitoa gemu ya kuigiza wahusika iitwayo Knights of the Old Republic. Mwongozaji wake alikuwa Casey Hudson na mwandishi mkuu Drew Karpyshyn. Matukio yake yamewekwa takriban miaka 4,000 kabla ya yale ya filamu, katika ulimwengu uleule wa Jedi na mahasimu wao Sith, na nayo inabeba siri ya aina ileile: mtu hajijui ni nani. Tofauti ni kwamba safari hii asiyejijua ni yule aliyeketi mbele ya skrini.

Wahakiki wengi huzieleza gemu za namna hii kwa neno moja, uhuru. Filamu, wanasema, humburuza mtazamaji kwenye njia moja, ilhali gemu humwachia mchezaji achague njia yake. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Kinachoipa gemu nguvu yake ya kusimulia ni itikio, na itikio si uhuru.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua jambo hili vizuri. Fanani anaposema "Paukwa!", hadhira hujibu "Pakawa!". Jibu hilo halikutungwa na hadhira; lilikuwepo kabla hata mtoto aliyeketi mkekani hajazaliwa. Wala halibadilishi hatima ya sungura au fisi. Hata hivyo fanani asipojibiwa hasimulii. Anayeitikia amekubali kuingia ndani ya ngano, na kuanzia hapo yanayotokea humo yanamhusu. Sentensi ambazo mchezaji wa gemu huzichagua kwenye skrini nazo zilikwisha kuandikwa, zikahesabiwa, zikapangwa. Hakuna hata moja iliyo yake. Lakini hadithi haisogei mpaka abonyeze.

Chimbuko la gemu hizi linathibitisha ukoo wao na ngano. Dungeons & Dragons, iliyotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ilichezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu, na mmoja wa wachezaji alikuwa msimulizi. Huyo ni fanani kamili: anaona nyuso za wenzake, anapunguza chumvi au anaongeza, na mchezaji akifanya jambo lisilotarajiwa anabuni papo hapo. Mwaka 1987 kampuni ya West End Games iliuleta ulimwengu wa Star Wars kwenye meza hiyo, na vitabu vyake vya maelezo vilijaa sayari, viumbe na vyombo ambavyo filamu ziliviacha bila majina. Mwandishi Timothy Zahn alipopewa kazi ya kuandika riwaya ya Heir to the Empire, iliyotoka mwaka 1991, alipewa vitabu hivyo avitumie kama marejeleo. Yaani kilichoandaliwa kwa ajili ya wachezaji mezani kikawa malighafi ya watunzi.

Kompyuta ilipochukua nafasi ya fanani, kitu kimoja kilipotea: ubunifu wa papo hapo. Mashine hurusha dadu zake kimyakimya, lakini haiwezi kutunga. Knights of the Old Republic inafuata kanuni za mezani za dadu yenye pande 20, na kila jibu ambalo mhusika atalitoa lilirekodiwa studio kabla mchezaji hajanunua diski. Hapo ndipo hoja ya uhuru inapoyumba. Na hapo ndipo ustadi wa BioWare unapoonekana, kwa sababu walikitumia kizuizi hicho kama maficho.

Mchezo unaanza kwa desturi zote za fani. Mchezaji anachagua jinsia, sura na jina, kisha kazi: mwanajeshi, mpelelezi au mlaghai. Anazinduka ndani ya chombo Endar Spire kinachoshambuliwa juu ya sayari ya Taris. Hana wazazi wanaotajwa, hana utoto. Hakuna mchezaji anayeuliza kwa nini, maana ndivyo gemu hizi zilivyo: shujaa huanza kama karatasi tupu ili kila mtu aandike lake. Baadaye anaanza mafunzo ya Jedi huko Dantooine, na walimu wanastaajabu kuona amejifunza kwa majuma tu yale ambayo wengine huyasotea miaka. Mchezaji anacheka moyoni. Shujaa wa gemu lazima apande ngazi upesi, vinginevyo nani atacheza?

Kisha, ndani ya meli ya kivita iitwayo Leviathan, adui wake Darth Malak anamtazama na kumweleza. Zamani kulikuwa na Revan, Jedi aliyegeuka bwana wa Sith, bwana wake Malak mwenyewe. Revan hakufa vitani. Jedi walimteka, mmoja wao aitwaye Bastila, ambaye sasa ni mwenzake mchezaji safarini, akayaokoa maisha yake, na baraza lao likaijaza akili yake iliyojeruhiwa maisha mapya ya kubuni. Karatasi tupu ilikuwa imefutwa kwa makusudi. Ule wepesi wa kujifunza ulikuwa kukumbuka. Zile ndoto za Revan na Malak wakiingia kwenye magofu, ambazo Bastila alizieleza kuwa maono yanayotokana na kifungo cha Nguvu, ile nishati ya Jedi, kati yake na mchezaji, zilikuwa kumbukumbu za mwotaji mwenyewe. Gemu inatumia kisengere nyuma: inarudisha vipande vya mazungumzo yaliyopita, kimoja baada ya kingine, na mchezaji anavitambua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijibu katika kila kimoja.

Hapa ndipo filamu na gemu zinapoachana. Luke anapopata habari zake, mtazamaji anamhurumia. Uovu ni wa baba, na mwana ameurithi kama mtu anavyorithi deni. Katika gemu, uovu ni wa anayeambiwa. Hakuna baba wa kulaumiwa wala mwana wa kuhurumiwa, na nafsi ya pili ambayo wahusika wameitumia kwa saa nyingi, wewe umesema, wewe umefanya, ghafla inabeba uzito wa vita vizima. Mchezaji hakuwahi kuulizwa kama anataka kuwa Revan. Katika jambo kubwa kuliko yote hakupewa chaguo lolote, na hilo ndilo linalomchoma. Anayesifu uhuru wa gemu hii anaisifu kwa kile ilichomnyima.

Baada ya ufunuo, gemu inafanya jambo ambalo filamu isingekuwa na dakika za kulifanyia: inamwacha mchezaji atembee ndani ya chombo chake na kuzungumza na kila mwenzake. Carth Onasi, ambaye sayari yake ya nyumbani iliteketezwa na jeshi la Malak, anapata taabu kumtazama usoni. Mission Vao, msichana wa miaka 14, anamwambia kwamba yeye anamjua rafiki yake wa sasa na hilo linamtosha. Canderous, askari wa Mandalore aliyepigana dhidi ya Revan akashindwa, anaona fahari kusimama bega kwa bega na aliyemshinda. Siri moja inapimwa kwenye mizani kadhaa, na mchezaji ndiye anayekwenda kubisha hodi kila mlango.

Lakini hakuna mahali itikio linapoonyesha makali yake kama kwenye ufuo wa sayari moja isiyojulikana, karibu na mwisho. Mchezaji aliyerudi upande wa giza wa Nguvu anashuka kutoka kwenye hekalu moja na kukutana na wenzake. Mission anakataa kumfuata. Pembeni yake yupo Zaalbar, Wookiee ambaye ni rafiki yake wa chanda na pete, na ambaye aliapa kumtumikia mchezaji maisha yake yote baada ya kuokolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa katika mifereji ya Taris. Kwenye orodha ya majibu linajitokeza moja linalomwamuru Zaalbar amuue Mission. Anakataa. Yapo mengine chini yake: kumkumbusha kiapo, kuishika akili yake kwa Nguvu. Mchezaji anayetaka jambo hilo litendeke lazima aisome kila sentensi na kuibonyeza. Msichana anamsihi rafiki yake, na rafiki yake anatii.

Katika filamu, tukio kama hilo lingemfanya mtazamaji amchukie muuaji. Hapa muuaji ndiye anayetazama. Wapo wachezaji waliofika hapo wakazima mashine na kurudi kwenye faili la nyuma, na kitendo hicho nacho ni itikio, la kukataa kuitikia. Waandishi waliyatunga mateso ya Mission, lakini walihitaji kidole cha mtu mwingine.

Haimaanishi kwamba gemu hii haina kasoro. Mizani yake ya wema na ubaya ni ya kitoto. Kumpa maskini pesa kunaongeza pointi za nuru, kumtishia kunaongeza pointi za giza, kana kwamba roho ya mtu ni daftari la duka. Gemu ya pili, The Sith Lords, iliyotengenezwa na Obsidian mwaka 2004 chini ya mwandishi Chris Avellone, iliuona udhaifu huo na kuushambulia. Huko Nar Shaddaa ombaomba anaomba senti chache. Mchezaji akimpa, anaonyeshwa jinsi mtu huyo anavyovamiwa kwa sababu ya pesa hizo. Akimfukuza, anaonyeshwa jinsi mtu huyo anavyomgeukia mwingine kwa ukatili. Mara zote mbili bibi kizee Kreia anamkemea. Kitendo hakiishi kwenye pointi. Kinaendelea kutembea mitaani baada ya mtendaji kuondoka. Hakuna gemu ya wakati wake iliyolisema hili kwa ukali namna hiyo, na inasikitisha kwamba ilipelekwa sokoni kabla haijakamilika, mpaka mashabiki walipofukua vipande vilivyoachwa ndani ya diski na kuvirudisha mahali pake.

BioWare yenyewe ilisonga mbele na Mass Effect mwaka 2007. Humo shujaa Shepard ana sauti, ya Jennifer Hale au ya Mark Meer, na mchezaji huchagua kifupi cha wazo badala ya sentensi kamili. Mandhari ikawa ya kisinema zaidi, lakini itikio likalegea: mara nyingi mchezaji hubonyeza maneno mawili ya upole kisha akamsikia Shepard akisema jambo ambalo yeye hakulikusudia. Mwaka 2012 wachezaji walipouona mwisho wa sehemu ya tatu walilalamika kwa nguvu kiasi kwamba mwezi Juni kampuni ilitoa nyongeza ya kuufafanua. Hadhira iliyoitikia kwa miaka 5 ilijiona ina haki ya kumhoji fanani.

Itapendeza kukumbuka kwamba hata filamu haijawahi kuimiliki hadhira yake kikamilifu. Katika Return of the Jedi, rubani msaidizi Nien Nunb anazungumza lugha ambayo kwa watazamaji wengi wa Marekani ilikuwa sauti ya kiumbe wa mbali tu. Aliyeitoa sauti hiyo ni Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko, naye alizungumza lugha za nyumbani, Kikuyu kikiwemo. Filamu ilipofika Kenya, waliokuwa ukumbini walimwelewa rubani huyo kabla ya Lando, rubani mwenzake, kumjibu. Walisikia kile ambacho skripti haikukusudia kisikike.

Kwa upande wa Revan, mgongano kati ya fanani na hadhira ulikuja mwaka 2011. Drew Karpyshyn alichapisha riwaya inayobeba jina la Revan, na mwezi Desemba mwaka huohuo BioWare ikatoa gemu ya mtandaoni ya The Old Republic. Katika zote mbili Revan ni mwanamume aliyechagua nuru. Waliokuwa wamecheza kama mwanamke, wakaambiwa na Malak kwamba wao ndio Revan, wakaomboleza au wakafurahi kama mwanamke, walikuta itikio lao limefutwa kwa kalamu, kama baraza la Jedi lilivyoifuta akili ya mateka wao. Riwaya ilikuwa na haki zote za kisheria kufanya hivyo. Haki ya kisimulizi ni suala jingine, kwani hadithi ilikwisha kusimuliwa mbele ya mtu aliyejibu. Gemu ya mwaka 2003 sasa inachezwa hata kwenye simu. Skrini yake ya kwanza bado inauliza: mwanamume au mwanamke?