Seva ya Programu: Ombi Linavyopokelewa, Linavyojibiwa na Linavyofuatiliwa

Seva ya programu ni programu ya kompyuta inayopokea maombi kutoka kwenye vivinjari na simu kupitia wavuti, ikaendesha msimbo unaohusika na kila ombi, kisha ikarudisha jibu. Neno seva limeingia katika Kiswahili na maana tatu, na zote zinatumika. Kwa fundi wa vifaa, seva ni mashine yenyewe, ile inayokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kwa mtengeneza tovuti, seva ni programu inayotoa kurasa na picha zilizokwisha kuandaliwa, kama Apache au Nginx. Seva ya programu ni ya tatu: jibu lake halijaandaliwa popote. Hulitunga papo hapo kwa kukokotoa, kuuliza hifadhidata, na kuangalia muulizaji ni nani na ana ruhusa gani. Mashine moja yaweza kubeba zote. Wanaoitegemea kazini huiita mfumo tu, na inapokwama husema mfumo umegoma, au mtandao hakuna. Kauli hizo mbili hufunika hitilafu za aina nyingi, kila moja na chanzo chake na tiba yake, na ndiyo sababu istilahi hii inafaa kueleweka hata na wasio mafundi.

Mfano mzuri kwa nyanda za juu kusini ni mfumo wa takwimu za afya. Madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hujazwa kwa kalamu katika zahanati na vituo vya afya, yakajumlishwa kila mwisho wa mwezi. Kutoka kata kama Ikuti, wilayani Rungwe, fomu za majumuisho zilikuwa zikipelekwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya mjini Tukuyu. Kufikia mwisho wa 2013 Tanzania Bara ilikuwa imeeneza nchi nzima mfumo wa DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshirika wake wa muda mrefu. Kenya ilitangulia mwaka 2011, ikiwa na seva moja kuu ya taifa badala ya kuweka nakala ya programu katika kila wilaya. Uamuzi wa namna hiyo ndio unaoifanya seva kuwa jambo la Ikuti: tarakimu inayoandikwa huko hujibiwa na mashine iliyo mamia ya kilomita mbali.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na kwa kawaida huendeshwa ndani ya Apache Tomcat, seva ya programu iliyotokana na msimbo ambao kampuni ya Sun Microsystems iliukabidhi kwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Mbele ya Tomcat huwekwa Nginx au Apache. Nyuma yake hukaa hifadhidata ya PostgreSQL.

Mwingizaji takwimu anapoandika idadi ya watoto waliochanjwa surua na kuhamia kisanduku kinachofuata, kivinjari hakisubiri fomu nzima ijae. Hutuma tarakimu hiyo peke yake, na kisanduku hugeuka kijani seva inapothibitisha kuwa imeihifadhi. Fomu yenye visanduku 150 ni maombi 150. Kabla ombi la kwanza halijaondoka, kivinjari huulizia jina la tovuti ili kipewe anwani ya namba, hufungua muunganisho kwenye mlango namba 443, kisha pande hizo mbili hupatana juu ya usimbaji ili mazungumzo yasisomwe njiani. Hatua hizi huhitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi, na kwenye mtandao dhaifu wa simu hizo ndizo zinazokula muda, hata kama seva ina nguvu kiasi gani.

Ombi likifika hupokelewa kwanza na Nginx, inayofungua usimbaji na kulikabidhi kwa Tomcat, mara nyingi kwenye mlango namba 8080. Tomcat huchukua uzi mmoja kutoka kwenye akiba yake na kuukabidhi ombi hilo. Uzi ni mfuatano mmoja wa utekelezaji ndani ya programu. Seva yenye nyuzi nyingi hushughulikia maombi mengi kwa pamoja. Usipobadilishwa, mpangilio wa Tomcat unaruhusu nyuzi 200. Maombi yanayofika wakati zote zina kazi hupanga foleni, na foleni nayo ina kikomo. Ikijaa, wanaofuata hukataliwa mlangoni. Mkulima wa Rungwe aliyewahi kupeleka majani mabichi ya chai kituoni anaujua mpangilio huu: mizani zikiwa chache na magunia mengi, kinachoamua saa ya kurudi nyumbani ni muda ambao kila gunia linakaa juu ya mizani, wala si urefu wa njia ya kufika hapo.

Uzi hulipitisha ombi kwenye vichujio. Kimoja husoma kuki kumtambua mtumiaji na kipindi chake cha kazi. Kingine huangalia kama ana ruhusa ya kuandika takwimu za kituo hicho kwa mwezi huo. Baada ya hapo ndipo msimbo wenye kazi yenyewe huanza: hukagua kuwa kilichoandikwa ni namba, kuwa mwezi haujafungwa, kisha huomba muunganisho wa hifadhidata. Miunganisho hiyo nayo hutunzwa kwa akiba, kwa sababu kufungua mpya kila mara ni gharama, na kwa kawaida idadi yake ni ndogo kuliko ya nyuzi. Hapa ndipo penye foleni ya pili, isiyoonekana kutoka nje, na ndipo mifumo mingi hukwama. Uzi uliokosa muunganisho haufanyi kazi yoyote, lakini unahesabika kuwa una kazi. Unangoja huku umekishika kiti.

Hesabu yake ni rahisi na inastahili kukaa kichwani. John Little, mtaalamu wa Marekani, alithibitisha mwaka 1961 kwamba wastani wa idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda anaokaa kila mmoja. Seva yenye nyuzi 200, ikiwa kila ombi linachukua sekunde 0.1, yaweza kujibu maombi 2,000 kwa sekunde. Hifadhidata ikilemewa, kila ombi likachukua sekunde 4, seva ileile hujibu 50 tu. Hakuna kilichovunjika: mashine inawaka, mtandao upo, programu haina kosa. Ila kwa aliye Ikuti, mfumo umegoma.

Mzigo wa mfumo wa takwimu za afya hauji sawasawa. Katikati ya mwezi seva hupumua. Siku za mwanzo wa mwezi, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ripoti inapokaribia, wilaya zote huingia kwa pamoja. Palepale wapo wanaotaka chati na majedwali ya mwaka mzima, na ombi moja la aina hiyo laweza kuisumbua hifadhidata kuliko mamia ya maombi ya kuhifadhi tarakimu. DHIS2 hutenga majedwali maalumu ya uchambuzi, ambayo kwa desturi hujengwa upya usiku. Kazi hiyo ikianzishwa saa nne asubuhi, wanaoingiza takwimu ndio wanaolipa.

Jibu likiwa tayari hurudi kwa njia ileile likiwa na namba ya hali. Inayoanza na 2 inaeleza kuwa ombi limefanikiwa. Ya 4, kwamba kosa liko kwa aliyeomba, kama 404 kwa kitu kisichokuwepo au 403 kwa asiye na ruhusa. Ya 5, kwamba kosa ni la upande wa seva. Kati ya hizo za mwisho, 500 hutoka ndani ya programu yenyewe, ilhali 502 na 504 huandikwa na Nginx pale Tomcat inapokuwa imezimika au imechelewa mno kujibu. Mtumiaji akisoma namba iliyo kwenye kioo na kumtajia fundi, amempunguzia nusu ya kazi ya kutafuta.

Ufuatiliaji wa seva ni kupima hatua hizi zote mfululizo ili ijulikane ombi linangoja wapi. Neno usimamizi halitoshi hapa, kwa kuwa kusimamia ni pamoja na kuamua na kurekebisha. Kufuatilia ni kuona kwanza. Kitabu cha wahandisi wa Google kilichotoka mwaka 2016 kilieneza vipimo vinne: muda wa kujibu, wingi wa maombi, idadi ya makosa, na kiasi ambacho rasilimali zimejaa. Katika seva ya programu, ujazo ni nyuzi zilizo kazini, miunganisho ya hifadhidata iliyoshikwa, na kumbukumbu ya kompyuta iliyotumika. Hiyo ya mwisho ina tabia ya pekee katika Java: lugha hii hufagia kumbukumbu yenyewe, na nafasi ikibanwa, kufagia huko kwaweza kusimamisha programu nzima kwa sekunde kadhaa.

Muda wa kujibu haufai kusomwa kwa wastani pekee. Maombi 99 yaliyojibiwa kwa sekunde 0.1 pamoja na moja lililochukua sekunde 20 yana wastani wa karibu sekunde 0.3, namba inayopendeza kwenye ripoti na isiyomsema yule mmoja. Hutumika badala yake kiwango ambacho maombi 95, au 99, kati ya 100 hayakukivuka.

Vyanzo vya vipimo ni vingi. Nginx huandika kila ombi kwenye daftari la matukio: saa, anwani, namba ya hali na, ikiagizwa, muda uliotumika. (Wengine huliita daftari hilo kumbukumbu, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na kumbukumbu ya kompyuta, na kulitumia kwa vyote viwili huwachanganya wanaojifunza.) Munin huchora michoro ya mashine kila dakika 5. Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012, huzichota namba kutoka kwenye programu yenyewe, na DHIS2 ina sehemu ya kuzitoa. Glowroot hukaa ndani ya Java na kuonyesha ombi lililochelewa limetumia sekunde ngapi katika swali gani la hifadhidata. Vyote vikishindikana, fundi huchukua picha ya nyuzi: orodha ya kila uzi na mstari wa msimbo uliopo wakati huo. Nyuzi 180 zikikutwa kwenye mstari mmoja wa kuomba muunganisho, foleni ya pili imeonekana.

Vipimo vya ndani havitoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Seva nyingi zilizo ng'ambo zilikuwa nzima siku hiyo. Katika hali kama hiyo mchoro wa seva huonyesha maombi yakipungua ghafla huku muda wa kujibu ukibaki mzuri: kizuizi kiko kabla ya seva. Maombi yakiendelea kuja kama kawaida huku muda ukipanda, kizuizi kiko ndani. Ili tofauti hiyo ionekane mapema, ombi la majaribio linapaswa kutumwa kila baada ya dakika chache kutoka mahali walipo watumiaji, na kituo kilichoko Tukuyu kinaeleza hali ya Rungwe kuliko kilichoko chumba cha jirani na seva.

Hili si suala la mafundi peke yao. Mfumo wa takwimu huhesabu pia ni vituo vingapi vimewasilisha ripoti kwa wakati, na kituo kilichochelewa huonekana kizembe kwenye jedwali la wilaya. DHIS2 imeweza kuhifadhi tarakimu ndani ya kivinjari mtandao unapokatika na kuzituma unaporudi, lakini jedwali haliandiki sababu ya kuchelewa. Daftari la matukio huandika, na haki inataka lisomwe kabla ya mhudumu wa afya kuandikiwa barua ya kujieleza.

Daftari hilo lenyewe linahitaji ulinzi. Seva huandika humo anwani yote ya ombi, na jina la mgonjwa au namba yake ikiwekwa kwenye anwani, hubaki kwenye faili linalofunguliwa na kila fundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo programu hutuma taarifa za namna hiyo ndani ya mwili wa ombi, usioandikwa daftarini, na faili za zamani hufutwa baada ya muda uliopangwa.