Aliyeshindwa Akikubali, Sheria Inasikia?

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Pale Katoro msemo huu hautakupita msimu wa uchaguzi, na mara nyingi anayeusema ni yule ambaye mgombea wake kashinda. Swali tusilouliza ni hili: mgombea akisema "nimekubali matokeo", kisheria kinabadilika nini?

Hakuna. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Kinachofunga mlango ni tangazo la Tume. Aliyeshindwa anune au atoe mkono wa pongezi, ni yale yale.

Katiba ya Zanzibar nayo ina kifungu kama hicho, na huko ndiko tulikopata somo. Novemba 1, 2010, Dk. Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1, Maalim Seif akiwa na 49.1. Tofauti ilikuwa kura 3,471 tu. Maalim akakubali. Wapo wanaodhani kukubali kule ndiko kulikompa Umakamu wa Kwanza wa Rais. Hapana. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka huohuo, yaliyofuata kura ya maoni ya Julai 31, yalikuwa yameshatenga kiti hicho kwa chama kitakachoshika nafasi ya pili.

Mwaka 2015 Maalim huyohuyo akajitangaza mshindi. Oktoba 28, mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote. Neno la 2010 halikumpa Shein urais, na la 2015 halikumpa Maalim urais.

Basi ni maneno matupu? Waulize Wapemba. Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi katika maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000. Mwaka 2010, baada ya Maalim kusema amekubali, watu walirudi nyumbani salama.

Hapo ndipo penye utata. Kwa ubunge, anayelalamika anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Kwa urais hana pa kwenda. Sheria haikulipa neno la aliyeshindwa uzito wowote, halafu ikaiachia nchi itegemee neno hilohilo ili ilale kwa amani.

Kwa hiyo ukisikia tena ule msemo, itikia, sawa. Ila muulize na msemaji: huyu unayemtaka akubali, alikuwa na mahali pa kukatalia?