Ulinganifu wa uso na urembo
Kinyozi wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, anapochonga ndevu za mteja ili pande zote mbili zilingane, anagusia suala ambalo wanasayansi wamelichunguza. Mwaka wa 2007, Anthony Little, Coren Apicella na Frank Marlowe walichapisha utafiti uliolinganisha Waingereza na Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania. Wote walivutiwa zaidi na nyuso zenye ulinganifu, hasa Wahadza. Wanaume wa Kihadza waliosifika kwa uwindaji ndio waliothamini zaidi ulinganifu katika nyuso za wanawake. Hata hivyo, hakuna uso uliolingana kabisa, hata wa malkia wa urembo. Uso ukipinda ghafla upande mmoja, hilo si suala la urembo tena: huenda ni kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja.